Tangu nishuke kwenye boti, dunia naiona kama picha

"Assalaam alaykum daktari. Mimi ni msichana wa miaka 21, kwetu Chake Chake, nasoma chuo kikuu Tunguu. Usiku tuliomaliza mitihani tulikesha na wenzangu tukitazama filamu ya The Thirteenth Floor, ile ya watu wanaogundua kwamba dunia yao yote ni programu ya kompyuta. Usiku wa pili yake nikapanda boti kwenda nyumbani. Kwenye mkondo wa Nungwi bahari ikachafuka, nje kiza kitupu, hakuna mbele wala nyuma. Nikamkumbuka yule bwana anayeendesha gari mpaka akafika pahala dunia inapokatika ikabaki mistari. Moyo ukaenda mbio, vidole vikaniota ganzi. Tangu siku ile, sasa wiki ya tano, kila kitu nakiona kama niko nyuma ya chandarua. Mama akizungumza najua ni mama, lakini ni kama picha ya mama. Najifinya, natazama viganja vyangu, usiku nasikiliza video za watu wanaoeleza habari hizi. Rafiki yangu anasema wanasayansi wameshathibitisha kwamba tumo ndani ya kompyuta. Mama anasema nimepatikana na kitu baharini, anataka nikapungwe. Sitafuni mirungi, sivuti kitu. Je, naingia wazimu? Na kama dunia hii si ya kweli, nitajuaje?"

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoandika, sioni dalili kwamba unaingia wazimu. Umesema mama unamjua kuwa ni mama, ila hisia ya kumjua ndiyo iliyopwaya. Aliyepoteza mizani ya akili angeniambia mama ameondoshwa na pahala pake amewekwa mwengine, na angeniambia kwa uhakika, bila ya kuuliza. Wewe unauliza, unashangaa, na unaona kwamba kilichobadilika kimo ndani yako. Kwetu sisi tunaotibu maradhi ya akili hiyo ni tofauti kubwa sana, na ndilo jambo la kwanza daktari yeyote atakalolitafuta ukikaa mbele yake.

Hali yako inajulikana, na vitabu vya tiba vinaiita dirializesheni, yaani kuiona dunia kama si ya kweli. Huipata watu wengi kwa dakika chache tu: mtu aliyepata ajali, aliyefiwa, aliyekesha, mwenye homa. Inayokaa muda mrefu mpaka ikahesabiwa kuwa ni maradhi humpata kiasi cha mtu 1 au 2 katika kila 100, na kwa wastani huanza kwenye umri wa miaka 16. Ikaanzia kwa mtu mwenye miaka 40, tunatafuta sababu nyengine kwenye ubongo. Ikaanzia kwa mwanafunzi wa miaka 21 aliyetoka kwenye mitihani, hatushangai.

Katika barua yako yamo maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na filamu ndiyo iliyoyafunga. Moja ni la falsafa: dunia hii ni ya kweli au imetengenezwa? La pili ni la mwili: kwa nini dunia *inaonekana* si ya kweli? Wewe unahangaika kulijibu la kwanza ukitaraji la pili litapona, na halitapona kwa njia hiyo. Leo hii hata nikikupa hoja isiyo na ufa kwamba dunia ni ya kweli, kesho asubuhi utaamka na chandarua chako kipo pale pale. Na kinyume chake ni kweli vile vile: wako maprofesa wanaoamini kwamba huenda sote tumo ndani ya kompyuta, na wanakula, wanalala, wanacheka na watoto wao, na kila kitu wanakiona kizima.

Nikuoneshe kwamba hali hii haikuzaliwa na filamu. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Paris, Maurice Krishaber, aliandika habari za wagonjwa wake waliolalamika kwamba vitu vimekuwa kama vya ndotoni na wao wenyewe wamekuwa mbali na dunia. Onesho maarufu la sinema ambalo watu walikaa wakalipia kulitazama, huko huko Paris, ni la mwaka 1895. Maradhi yameitangulia sinema kwa zaidi ya miaka 20, na kompyuta ndiyo usiseme. Ilichokufanyia filamu ni kuipa hisia yako maelezo. Mwili umeleta hisia ngeni, akili ikatafuta sababu, na sababu iliyokuwa karibu kabisa ilikuwa ile uliyoitazama usiku uliotangulia. Ungekuwa umesoma hadithi ya majini, leo ungeniandikia habari za majini.

Rafiki yako mwambie hakuna mwanasayansi aliyethibitisha kitu hicho. Nadhani amesikia habari za Nick Bostrom, mwanafalsafa aliyezaliwa Sweden, ambaye mwaka 2003 alipokuwa Oxford alichapisha hoja yenye milango mitatu. Huenda viumbe wenye akili kama zetu hutoweka kabla ya kufikia uwezo wa kutengeneza dunia nzima ndani ya kompyuta. Huenda wanaufikia uwezo huo lakini hawajishughulishi kutengeneza dunia za mababu zao. Au huenda wanazitengeneza, na kwa wingi, na hapo walio ndani ya dunia za kutengenezwa watakuwa wengi kuliko walio nje, kwa hivyo sisi karibu kwa yakini tumo ndani. Bostrom anadai kwamba angalau mlango mmoja kati ya hiyo ndio wenye ukweli. Hakusema ni wa tatu. Hakupima kitu maabara. Na hoja nzima imesimama juu ya dhana kwamba kompyuta inaweza kuwa na fahamu kama yako na yangu, jambo ambalo mpaka leo watu wanagombana nalo. Kwenye video za usiku huo mlango wa tatu ndio unaotangazwa, na miwili ya mwanzo inaachwa njiani.

Yuko pia David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, ambaye mimi hunipendeza kwa jinsi anavyoligeuza swali. Yeye anasema, haya, na tukubali tumo ndani ya kompyuta. Basi mama yako asingekuwa uongo. Angekuwa mama wa kweli, aliyeumbwa kwa kitu usichokitarajia. Chungwa lingebaki chungwa. Kujua chungwa limetokana na nini huko chini kabisa ni swali la fizikia, na wanafizikia wameshatuambia kwamba hata chungwa la kawaida, ukilichungulia ndani, halifanani na unavyoliona mezani.

Filamu yenyewe nimeitazama, na ni kazi nzuri kuliko ilivyosifiwa. Iliongozwa na Josef Rusnak ikatoka mwaka 1999, miezi michache baada ya The Matrix, na kivuli cha The Matrix kikaifunika. Kisa kimetoka kwenye riwaya ya Mmarekani Daniel F. Galouye ya mwaka 1964, ambayo Mjerumani Rainer Werner Fassbinder alikwishaifanyia filamu ya televisheni mwaka 1973. Ndani yake watu wa Los Angeles wanatengeneza Los Angeles ya mwaka 1937 kwenye kompyuta, kisha mmoja wao anafuata barabara isiyo na sababu ya kufuatwa na kukuta pahala ambapo dunia *yake* haikumaliziwa. Mwisho anaamkia mwaka 2024, na picha inazimika kama televisheni iliyozimwa, ili na wewe ukitoka uanze kushuku. Ndivyo walivyokusudia. (Huo mwaka 2024 tumeshaupita, na majumba ya kwenye filamu sijayaona hata Fumba, kwenye mji wetu mpya.) Lakini angalia ujanja wa mtungaji: shujaa wake anapata jibu kwa sababu mtungaji ameweka ukingo wa kuendea. Mimi na wewe hatuna barabara hiyo. Kipimo chochote utakachokifanya ukiwa ndani ya dunia, kujifinya, kuhesabu vidole, kutazama viganja, kitakupa jibu lile lile dunia ikiwa ya asili au ya kutengenezwa. Kwa hiyo swali lako la mwisho, "nitajuaje", kwa njia ya vipimo halina jibu. Hilo lisikutishe. Lilikuwa halina jibu hata mwaka jana, nawe ulikuwa ukila urojo Forodhani kwa raha zako.

Yuko mtu aliyeliingia swali hili kwa ndani zaidi kuliko watunga filamu wote, na huku kwetu anasomwa misikitini. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika habari za maisha yake jinsi alivyozishuku hisia zake. Jicho linakuonesha kivuli kimesimama, kumbe kinatembea. Linakuonesha nyota ndogo kama sarafu ya dinari, na hesabu zinasema ni kubwa kuliko ardhi. Akajiuliza: ikiwa jicho limekanushwa na akili, ni nini kitakachoikanusha akili? Na ndotoni si tunaamini kila tunachokiona, mpaka tuamke? Anasema alikaa karibu na miezi miwili katika hali hiyo, akiiita maradhi. Akatafuta hoja ya kujitibia akakosa, maana hoja yoyote inahitaji kianzio unachokiamini, na yeye hata vianzio alikuwa havitegemei. Kisha anasema kwamba hakuponywa kwa hoja iliyopangwa wala maneno yaliyotungwa, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Simpimi Imam kwa vitabu vyangu vya tiba, hayo si yangu. Nakwambia tu kwamba bingwa wa hoja katika zama zake amekiri kwamba hoja hazikumtoa.

Sasa tuje kwenye mwili, na kwenye boti.

Hebu hesabu uliyobeba ulipopanda: wiki za mitihani, usiku mzima wa kukesha, na nadhani hukula la maana kabla ya safari kwa kuogopa kutapika. Ukosefu wa usingizi peke yake unatosha kuifanya dunia ionekane ya mbali. Kisha mkapita Nungwi usiku. Sikio la ndani, ndilo linalouambia ubongo kichwa kinainama wapi, lilikuwa likipiga kelele kwamba unarushwa juu chini. Macho, kwa kuwa nje ni kiza na ndani ya boti viti na kuta vimetulia mbele yako, yalikuwa yakisema umekaa kitako. Ubongo unapopewa habari mbili zinazopingana kuhusu mwili ulipo, matokeo yake si kichefuchefu tu. Kwa baadhi ya watu huja hisia hii hii ya kwamba mimi na dunia tumeachana. Wagonjwa wenye maradhi ya sikio la ndani huilalamikia sana kuliko watu wengine.

Juu ya hayo ikaja hofu. Mkondo ule una historia. Tangu kuzama kwa meli ya Spice Islander mwezi wa Septemba 2011 wapo wasioupita bila ya Yasini mkononi, na sidhani kama kuna mtu wa Pemba wa umri wako ambaye hakuisikia habari ile nyumbani kwao. Mtu akiogopa huvuta pumzi nyingi na za haraka kuliko mwili unavyohitaji. Hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, na vidole na midomo huota ganzi. Vidole vyako vilivyokufa ganzi havikuwa ishara ya kutoka duniani. Zilikuwa pumzi.

Na hofu ikizidi kipimo, ubongo una njia ya kujikinga: sehemu ya mbele, inayopanga na kuamua, huipunguzia nguvu sehemu ya ndani inayowasha hisia. Aliyekuwamo kwenye ajali atakueleza kwamba aliona kila kitu waziwazi lakini bila ya uchungu, kama mambo ya mtu mwengine. Kwa dakika zile hilo lina faida. Tatizo ni kwamba kinachozimwa si hofu peke yake. Kinazimwa pia kile kijoto unachokipata unapomwona mama. Uso wake unaufahamu, macho yanafanya kazi, lakini kijoto hakiji, na bila ya hicho uso wa mtu unayempenda unakuwa picha. Hivi ndivyo wataalamu wengi wanavyoieleza hali yako. Maelezo hayajakamilika kila upande, lakini yanalingana na vipimo: watu wenye hali hii wakioneshwa picha za kuchukiza, ngozi yao hutoa jasho kidogo kuliko ya wengine.

Basi kwa nini wiki ya tano, na boti ulishashuka? Kwa sababu ya kukagua. Kila ukijifinya unauambia ubongo kwamba bado kuna hatari ya kuchunguzwa, na ubongo unaendelea kuikinga nafsi yako na hatari hiyo. Uko kama mwenye jino bovu ambaye ulimi wake hauachi kuligusa. Video za usiku ni ubaya juu ya ubaya: zinakunyima usingizi, zinakutia hofu, na ukitazama moja simu inakuletea kumi.

Kwa hiyo naanza hapo. Video acha leo, zote, pamoja na zile zinazodai kukanusha. Hamu ya kukagua ikija, usipigane nayo na wala usiitii. Jiambie "hii ni ile hali" kisha rudi kwenye ulichokuwa ukikifanya. Kazi za mikono zinasaidia kuliko kukaa kutafakari: kukuna nazi, kufua, kusuka ukili, kumfundisha mdogo wako hesabu. Lakini usizifanye ili kupima kama dunia imerudi, maana hapo utakuwa umeshaanza kukagua tena. Lala saa ile ile kila usiku, simu ikiwa chumba chengine. Punguza kahawa na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi wa siku hizi mnavinywa kama maji. Hofu ikipanda, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu mpaka 6, dakika chache. Filamu za namna hii zipumzishe kwa sasa. Ukishapona tazama utakazo. Na usiisubiri hali iondoke ndipo uishi. Rudi darasani nayo, nenda harusini nayo. Kwa kawaida huanza kuondoka siku ambayo umesahau kuiangalia.

Nisikudanganye kuhusu dawa. Hakuna kidonge cha hali hii hasa. Fluoxetine, dawa ya sonona, ilijaribiwa, matokeo yakatoka mwaka 2004, haikufanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Yanayosaidia zaidi ni mazungumzo ya tiba ya kubadilisha mtazamo na mwenendo, pamoja na kutibu wasiwasi au sonona kama vipo, na hayo yana dawa zake. Mtu asikupe diazepamu dukani "ikutulize". Utatulia siku mbili, kisha utakuwa na matatizo mawili.

Kuhusu mama, usimbishie. Anakupenda na ameona mwanawe amebadilika. Akikusomea Kurani, mwachie, na wewe soma naye; wapo wengi ambao moyo wao hutulia kwa hilo, na utulivu ndio tunaoutafuta. Ngoma ya kupungwa ndiyo inayonitia wasiwasi, na sababu zangu ni za kitabibu: usiku kucha bila ya kulala, chumba kimejaa moshi wa ubani, pumzi za kasi, hofu juu ya hofu. Hayo ndiyo yale yale yaliyokutokea botini. Mwambie mama daktari ameomba kwanza ulale wiki mbili mfululizo na upimwe. Na lolote la kufungwa, kupigwa, kunyimwa chakula au kukatazwa hospitali, hilo kataa, na mtafute mjomba au shangazi akusimamie.

Kupimwa ninakokusema si kwa maneno ya kumtuliza mama. Wiki tano zimetosha, na ana kwa ana utaulizwa mengi ambayo barua haisemi. Anzia kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu au kliniki ya afya ya akili Mnazi Mmoja. Ukiwa Pemba, nenda hospitali ya Chake Chake uulize mhudumu wa afya ya akili. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili huko Unguja, lisikutie aibu ukielekezwa huko. Wengi wanaokwenda wanaingia asubuhi na kurudi makwao kabla ya adhuhuri. Mweleze daktari kama kizunguzungu kimebaki au sikio linavuma. Mweleze kama dakika zinapotea hukumbuki ulikuwa wapi, kama unasikia harufu isiyokuwepo, kama umeamka umejing'ata ulimi, maana kifafa cha aina fulani huja na hisia hii. Maumivu mapya ya kichwa pia yataje.

Yapo ya kutosubiri miadi. Ukianza kusikia sauti za watu usiowaona, au ukawa na yakini kwamba walio karibu nawe ni vikaragosi na kuna anayekuendesha, au ukapata homa pamoja na kuchanganyikiwa, nenda siku hiyo hiyo. Na liko moja sikulikuta kwenye barua yako lakini nakuuliza waziwazi, kwa sababu filamu za aina hii hupenda kuonesha mtu akifa huku akaamka kwengine: umewahi kuwaza kujidhuru ili uone kama "utaamka"? Au umechoka kiasi cha kutamani usiwepo? Kama jibu ni ndiyo, hata kidogo, hata mara moja, usibaki peke yako usiku huu. Mwambie mama au mwenzako wa chumbani kwa maneno hayo hayo, akushike mkono mwende hospitali iliyo karibu sasa hivi, na akae nawe mpaka umwone daktari.